Mechi Isiyochezwa

14 Mill Lane,
Aldersyke
1 Februari 1987

Kaka Clifford,

Barua yako ya Krismasi imefika Januari tarehe tisa, nadhani ilikuja kwa miguu. Umeniuliza mambo matatu: goti langu, paa la nyumba ya baba, na timu. Goti ni lilelile. Paa linavuja palepale. Timu ndiyo yenye habari.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba tulikuwa tucheze nyumbani na Wexcombe. Asubuhi refa akaja na viatu vyake vya mjini, akatembea mpaka mbele ya goli la upande wa reli, akapiga kisigino mara tatu. Udongo ulikuwa umeganda, ukalia kama meza. Akasema mechi haichezwi, akapanda gari lake akarudi kwao. Pai mia tatu za kuwauzia mashabiki zilikuwa zimeshapashwa moto. Nilikula pai wiki nzima, nikazigawa mtaa mzima, na bado naziota.

Wiki iliyofuata tukaenda Marbrook. Kule ni baharini, ardhi haigandi. Tulishinda moja bila, dakika ya themanini na nne, kona, kichwa cha Sugden. Sugden unamjua kwa magazeti ninayokutumia, yule kiungo mwenye masikio makubwa, anayekusanya kadi za njano utafikiri anawawekea wajukuu. Zilikuwa zimefikia idadi ya kumfungia mechi moja, lakini mechi yenyewe ndiyo hiyo ya Wexcombe. Kwa hiyo Alhamisi kocha aliponiuliza kama Sugden yuko huru, nilifungua daftari langu, nikaona nimeshaandika "ametumikia", nikamwambia yuko huru. Desturi yangu unaijua, kazi ya Jumamosi huiandika Ijumaa.

Kocha ni yuleyule Des Tordoff, mwaka wake wa pili huu. Hana maneno. Huja kunywa chai ofisini kwangu chini ya jukwaa, hunywa kimya, kisha huosha kikombe mwenyewe. Nimekuwa katibu wa klabu hii miaka ishirini na miwili, nimefanya kazi na makocha kumi na mmoja, na huyu ndiye wa kwanza kuosha kikombe.

Tuko wa kumi na tisa kati ya ishirini na nne. Wanne wa chini wanashuka daraja la nne. Nadhani tutasalimika.

Mdogo wako,
Hilda


Hamilton, Ontario
12 Februari 1987

Hilda mdogo wangu,

Nimemsomea barua yako jirani yangu Dino, Mwitaliano anayeamini kwamba mpira duniani ulikwisha siku aliyohama kwao. Aliposikia habari za refa na kisigino alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia cheka tu, nyie mngecheza hapo hapo mkavunjika miguu kumi na moja.

Sasa nisikilize vizuri. Nimenunua tiketi ya ndege. Agosti nakuja. Miaka kumi na tisa inatosha, na madaktari wa huku wananitazama kifua kwa namna nisiyoipenda. Nataka siku ya kwanza ya msimu nikae pembeni yako jukwaani, kwenye kiti kisicho na nguzo mbele yake. Mara ya mwisho niliiona nusu tu ya mechi, nusu nyingine niliitazama nguzo.

Ila usiishushe timu kabla sijafika. Baba alidaka pale miaka kumi na minne, vidole viwili vikapinda visinyooke tena, na hakushuka daraja hata mara moja. Sitaki kurudi nyumbani kutazama daraja la nne. Heri nibaki hapa na Dino.

Nakujua, utasema si wewe unayecheza. Nani asiyejua kwamba klabu hiyo ni wewe? Wachezaji huja na kuondoka. Ulikuwa hukosei hata herufi tangu ukiwa na miaka saba, na mimi nikipigwa viboko kwa hesabu zangu, wewe umekaa pale umekunja mikono.

Kaka yako,
Clifford


Aldersyke
6 Machi 1987

Bi. Hilda,

Nakuandikia kwa posta kwa sababu nimezuiwa kukanyaga uwanjani, na ukiongea kwenye simu ya ofisini kwako wanasikia wote. Ya kikaoni jana utaambiwa vibaya na wengine, heri uyapate kwangu.

Walipokuweka nje walisoma barua ya ligi. Sugden alicheza Marbrook akiwa hajatumikia adhabu yake, kwa sababu mechi ya Wexcombe haikuchezwa, na mechi isiyochezwa haihesabiwi. Tumenyang'anywa pointi tatu. Mwenyekiti Lumb akauliza ni nani aliyesema Sugden yuko huru. Nikamwambia katibu alinionya kwamba hayuko huru, mimi nikampanga hivyo hivyo. Nikafukuzwa kabla chai haijaletwa.

Usinishukuru, wala usinigombeze. Kocha kazi yake ni kufukuzwa, na mimi ningefukuzwa Mei hata hivyo. Kettlesby wameshaniahidi timu yao ya vijana kuanzia Julai, sitakaa bure. Wewe ukitolewa kwenye chumba kile utakwenda wapi? Niliuona uso wako Jumanne bahasha ilipofika. Sitaki kuuona tena hivyo.

Wewe nyamaza tu. Funguo nimemwachia mtunza uwanja.

Des Tordoff


14 Mill Lane
9 Machi 1987

Des,

Barua yako niliianza nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye ngazi.

Haiwezekani ubebe kosa langu. Kanuni hiyo mimi ndiye ninayewafundisha makatibu wa klabu nyingine, hunipigia simu kuniuliza. Mechi ikiahirishwa, adhabu inasogea. Nilitakiwa kufuta neno moja kwenye daftari. Sikulifuta kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nahangaika na pai. Nimetafuta sababu nyingine iliyo kubwa zaidi ya hiyo, sikuipata.

Nilimwona mkeo sokoni juzi, akavuka barabara. Sijui kama umemwambia ukweli au naye anaamini ulilolisema. Naona aibu, Des. Nimeshindwa hata kununua viazi.

Kamati inakutana tena Alhamisi. Nitasimama niseme.

Hilda Oldroyd


14 Mill Lane
20 Machi 1987

Kaka Clifford,

Nadhani umeshasikia kwenye redio yako. Tumekatwa pointi tatu kwa ajili ya mechi ya Marbrook, Sugden hakuwa na ruhusa ya kucheza. Sasa tuko wa ishirini na mbili. Wanasema kocha alionywa akapuuza. Des Tordoff hayupo tena, msaidizi wake ndiye anayeshika timu mpaka Mei.

Magazeti nimekuwekea humu ndani. Usiyaamini yote.

Mimi nipo ofisini kama kawaida. Alhamisi kamati ilikutana, nikaandika kumbukumbu za kikao, kurasa nne. Mwishoni Lumb alinishukuru mbele ya wote kwa uaminifu wangu, wakagonga meza kwa viganja. Nilitaka kusema jambo, lakini walikuwa wameshaanza kuvaa makoti.

Kazi ni nyingi. Nitakuandikia vizuri siku nyingine.

Hilda


(Ilichapishwa katika gazeti la Aldersyke, Ijumaa, 10 Aprili 1987)

Kwa Mhariri,

Mimi ni mtoto wa Harold Crabtree, ambaye wasomaji wako wazee watamkumbuka langoni. Ninaishi Kanada, lakini matokeo ya Aldersyke huyapata kila Jumamosi kabla sijala.

Nimesoma kwamba kocha Tordoff aliambiwa wazi na katibu wa klabu kuwa Sugden amefungiwa mechi moja, na bado akampanga. Mechi moja. Hakuambiwa ahesabu mpaka saba. Mtu asiyeweza kuhesabu mpaka moja asipewe timu, asipewe hata mbwa wa kumtembeza. Katibu simtaji kwa jina kwa kuwa ni damu yangu, ila nitasema hivi: mama yule ameifanyia klabu hiyo kazi kuliko makocha wote niliowahi kuwasikia, na leo jasho lake limemwagwa na mpumbavu mmoja mwenye filimbi.

Klabu yoyote inayofikiria kumwajiri Bwana Tordoff nitaomba kwanza iisome barua hii.

C. Crabtree,
Hamilton, Kanada


Aldersyke
21 Aprili 1987

Bi. Hilda,

Nimekuwekea humu kipande cha gazeti ingawa najua umeshakisoma. Huyu C. Crabtree ni kaka yako, ndilo jina lako la kabla ya kuolewa. Uliwahi kuniambia anatabasamu kwa upande mmoja, na barua yake ndivyo inavyosomeka.

Kettlesby wamenipigia simu jana. Walikuwa na adabu. Walisema kamati yao imeonyeshwa maandishi fulani na wazazi wa vijana wanauliza maswali. Kwa hiyo Julai sina kazi. Shemeji yangu ana kambi ya likizo Skegness, nyumba za magurudumu zile, anataka mtu wa kuzipaka rangi na kuziba zinapovuja. Tunahama mwisho wa mwezi.

Sikukuandikia nikuombe kitu. Nilisema unyamaze, ukanyamaza, hilo tulikubaliana ingawa uliandika vingine. Ila nilijua nitabeba kufukuzwa. Hili la kuwa mpumbavu sikuhesabu kwamba nitalibeba pia, na binti yangu Janine anajua kusoma.

Bado mechi tatu. Mwambieni Sugden akae nyuma kidogo, anawaachia mwanya kushoto.

Des


Hamilton
2 Mei 1987

Hilda,

Kimya chako kinanitia wasiwasi. Barua yangu gazetini umeiona? Dino kaitundika kwenye friji. Watu wawili wa Aldersyke ambao siwajui wameniandikia kunipongeza, mmoja anasema vijana wa uwanjani wameshaitungia wimbo ile kauli yangu ya kuhesabu mpaka moja. Sikujua kwamba mimi ni mshairi.

Au nimekuaibisha kwa kukusifu? Wewe ndivyo ulivyo, ukisifiwa unajificha. Niandikie. Wiki ijayo ni mechi ya mwisho, nitakaa na redio mapema. Tukishinda tunabaki, ndivyo nilivyopiga hesabu.

Clifford


14 Mill Lane
10 Mei 1987

Kaka Clifford,

Tumeshuka. Hilo unalijua tangu jana saa kumi na moja kasoro. Sare ya moja moja, na sisi tulihitaji ushindi. Tumepungukiwa pointi mbili. Zile tatu tungekuwa nazo, leo tungekuwa tunaosha jezi na kuongea upuuzi.

Filimbi ilipolia hakuna aliyekimbilia uwanjani. Watu walisimama tu. Sugden alikaa chini kwenye duara la kati akavua kiatu kimoja, akakishika. Kisha upande wa reli wakaanza kuimba. Si kuhusu Sugden, wala kuhusu sisi wa ofisini. Waliimba, "Tordoff, Tordoff, hesabu mpaka moja." Waliimba kwa furaha, Clifford. Ndicho kitu pekee walichokuwa nacho siku nzima.

Mimi ndiye niliyesema Sugden yuko huru.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili uisome mara mbili. Des aliniuliza Alhamisi ile, nikafungua daftari, nikamwambia yuko huru. Hata wewe nilikuandikia hivyo Februari, barua unayo, itafute. Nilikuwa nimeandika Ijumaa kwamba ameshatumikia, Jumamosi mechi ikaahirishwa, sikufuta. Des alisimama mbele ya Lumb akasema uongo ili nibaki na chumba changu. Mimi nikaahidi kusema Alhamisi. Kisha nikaahidi kusema Alhamisi iliyofuata. Kisha nikajiambia tukisalimika haitakuwa na maana tena, kwa hiyo kila Jumamosi nilikuwa naomba ushindi kwa ajili yangu mwenyewe. Barua yako ilipotoka niliisoma nikiwa nimejifungia chooni kama msichana wa shule.

Jana baada ya mechi nilimfuata Lumb chumba cha wakurugenzi, nikamwambia yote. Alinisikiliza akiwa ameshika sandwichi. Akasema, "Hilda, kosa hilo tumeshamfukuzia mtu. Tukimfukuza na wa pili tutaonekana wajinga. Nenda nyumbani ukapumzike." Nikamwambia najiuzulu. Akasema, basi iwe kwa sababu za kiafya.

Nimewaandikia gazeti, na wewe nimekuandikia. Kwa Des bado, kalamu inakataa.

Kama hutaki kuja Agosti nitaelewa.

Hilda


Hamilton
24 Mei 1987

Hilda,

Nimeitafuta ile ya Februari. Ipo. "Nikamwambia yuko huru." Nilimsomea Dino mstari huo kwa sauti na hatukusikia kitu, tulikuwa tunacheka habari za pai.

Kukosea si neno. Mtu yeyote angekosea, na mimi wa kwanza. Nimekasirika kwa jambo lingine. Machi uliniandikia "wanasema kocha alionywa". Wanasema. Uliliweka neno hilo hapo ukijua mimi ni mtu wa namna gani, ukijua nitapanda mori, ukijua nina kalamu. Halafu barua ikatoka, na ulikuwa na mwezi mzima wa kuniambia Clifford nyamaza, umemchoma mtu asiye na kosa. Hukuniambia. Uliniacha nitembee mtaani huku kifua mbele.

Nimemwandikia Tordoff mara tatu, nikachana mara tatu. Unamwambia nini mtu kama yule? Nimelitoa lile gazeti kwenye friji ya Dino. Aliniuliza kwa nini, nikashindwa kusema kwamba ni dada yangu, nikasema limechakaa.

Tiketi nimeirudisha. Usifikiri ni adhabu. Sijui nitakaaje pale jukwaani watu wakiimba maneno yangu.

Kifua si kizuri. Nitaandika nikiweza.

Clifford


Skegness
2 Agosti 1987

Bi. Hilda,

Barua yako gazetini nilitumiwa na mtunza uwanja, chini yake kuna tangazo la mashine za kukata majani. Hukupaswa kuiandika, lakini nisiseme uongo, nilifurahi. Mke wangu Carol aliisoma jikoni, kisha akasema, "Kumbe." Muda wote huo alikuwa anaamini kwamba mimi ndiye niliyekosea, na hakuwahi kunitupia neno hata moja. Hilo sikulijua mpaka siku hiyo. Janine ameikata kwa mkasi, ipo ukutani juu ya kitanda chake.

Kaka yako ameniandikia. Kurasa sita. Mwambie zimefika, na ajitunze kifua.

Kazi hapa ni nyumba themanini na nne, kila moja inavuja kwa namna yake. Si mbaya. Jioni nawafundisha watoto wa wageni kupiga mpira ufukweni, wanaondoka kila Jumamosi, naanza upya.

Nina neno moja la kukuuliza. Janine ana miaka kumi na moja. Alikuwa haruhusiwi kuja uwanjani mwisho wa msimu, mama yake aliogopa yatakayosemwa. Sasa anataka nimlete Septemba, mechi ya nyumbani, aone nilipokuwa nafanya kazi, tukae na watu wengine tu jukwaani. Anasema si wameshasoma gazeti, wote wanajua.

Kule nyuma kulikuwa na wimbo. Niambie bado wanauimba? Wewe ndiye nitakayekuamini. Ukisema wameacha, nitamleta.

Des


14 Mill Lane
16 Agosti 1987

Kaka Clifford,

Jana ulikuwa uwe hapa. Nilikwenda peke yangu. Niliingia kwa geti la mashabiki, nikapanga foleni na wengine, mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Katibu mpya, "msichana wa ofisini" kama Lumb anavyomwita mbele za watu, aliniona akanipungia mkono kwenye kile kidirisha changu. Amekiwekea pazia.

Tulipoteza mbili bila. Wapinzani wetu sitawataja, ni timu ambayo zamani tulikuwa hatuhitaji hata kuijua iko mkoa gani. Walikuja na mashabiki kama mia mbili. Goli la pili lilipoingia wakatugeukia wakaanza kutukejeli, "Tordoff, Tordoff, hesabu mpaka moja." Hao ni wageni, hawakusoma gazeti letu, sikushangaa. Nikatazama upande wa reli, nikangoja wetu wawazomee. Wetu wakaitikia. Jukwaa zima, Clifford. Walikuwa wanacheka, wageni na wenyeji, ndiyo mara ya kwanza jana uwanja ule kuchangamka.

Pembeni yangu alikuwa Walter Jowett, yule mwenye duka la samaki. Naye alikuwa anaimba. Nikamwambia, "Walter, hukusoma barua yangu?" Akasema, "Nimeisoma mama, mke wangu kalia kabisa. Ulifanya uungwana." Nikamwambia, "Sasa mbona unaimba hivyo?" Akafikiri kidogo, mtu mwema yule, hakutaka kuniumiza. Akasema, "Ndiyo wimbo wenyewe ulivyo, Hilda. Na Oldroyd haliimbiki."

Kisha akaninunulia pai, nikala.

Nimeelewa jana kwamba hakuna barua nyingine ya kuandika. Mwezi Machi sentensi moja kikaoni ingetosha. Mei niliandika safu nzima gazetini na haikumwondolea Des hata silabi moja. Watoto waliozaliwa mwaka huu wataimba jina lake bila kujua alikuwa nani, na mimi watanisalimu barabarani.

Ameniuliza kama bado wanaimba. Anataka kumleta binti yake. Nimekaa na karatasi yake mezani tangu asubuhi, sasa ni saa tisa, na chai imepoa mara mbili. Njoo mwakani kama kifua kitakubali. Tutakaa nyumbani tu, hatutakwenda uwanjani.

Mdogo wako,
Hilda


14 Mill Lane
16 Agosti 1987

Mpendwa Des,

Asante kwa barua yako. Nimefurahi kusikia habari za watoto wa ufukweni, na nitamwambia Clifford kurasa zake zimefika.

Umeniuliza habari za wimbo. Jana nilikuwa uwanjani tangu mwanzo mpaka mwisho, katikati ya watu, na nilisikiliza kwa makini kwa ajili yako. Hakuna anayeuimba tena. Walter Jowett, yule wa samaki, amekutaja kwa wema, akasema kila mtu alisoma gazeti. Mwambie Janine baba yake anakumbukwa vizuri hapa.

Kwa Septemba lakini usimlete. Jukwaa wamelifunga kwa ukaguzi, mbao za nyuma zimeoza, na watu wote wanasimama wazi kwenye mvua, si mahali pa mtoto. Hawajasema litachukua muda gani. Huenda msimu mzima.

Likifunguliwa nitakuandikia mimi mwenyewe. Usije kabla hujapata barua yangu.

Hilda Oldroyd